Ukuta wa udongo jangwani: kwa nini unaliwa chini?

Ndugu, umeuliza kwa nini kuta za kale za udongo za Arizona, Marekani, huliwa chini ilhali mvua ni haba, na kama saruji itasaidia. Usipake saruji.

Unyevu wa ardhini hupanda ndani ya udongo ukibeba chumvi. Maji yakikauka juu kidogo ya usawa wa ardhi, chumvi huganda na kuwa chembe ngumu zinazopasua udongo kutoka ndani. Ukipitisha kidole unaona unga mweupe na mchanga unadondoka. Lipu ya saruji haipumui, kwa hiyo unyevu hubaki nyuma yake. Nje panaonekana pazima, ndani pameshakuwa tope, na siku lipu ikibanduka inaondoka na ukuta.

Kanisa la San Xavier del Bac, karibu na Tucson, lilipata madhara hayo. Mafundi wakalazimika kuitoa saruji na kurudi kwenye lipu ya chokaa na mchanga iliyochanganywa na utomvu wa mpungate.

Anza kwa kuyaepusha maji: ondoa udongo uliorundikana ukutani, inamisha ardhi ielekee nje, kisha ziba mashimo kwa udongo unaofanana na ule wa asili, tabaka jembamba moja baada ya jingine. Ukijaza mara moja, kiraka kitasinyaa na kupasuka.

Casa Grande, jengo la kale la udongo huko Arizona lililohifadhiwa tangu 1892, lilijengewa paa kubwa juu yake mwaka 1932 ili kulikinga. Paa hilo linaharibu mandhari kidogo, lakini uamuzi ulikuwa sahihi kabisa.