Jibu: Miaka 19 na .310 kwenye Single-A, ni nyota kweli?

Mkuu, umeuliza kama kijana wako wa besiboli mwenye miaka 19 ni nyota kweli, kwa kuwa anapiga .310 (mipigo 31 ya kumfikisha besi kwa kila majaribio 100) kwenye Single-A, ngazi ya chini ya ligi ndogo za Marekani. Hiyo .310 iweke pembeni kwanza. Kinachompa thamani ni umri: kwenye Single-A wengi ni wakubwa kuliko yeye. Angekuwa na miaka 23, namba hizohizo zisingemshtua mtu.

Sasa tazama anatolewa kwa straiki tatu mara ngapi, yaani anaikosa au kuiacha mipira mizuri mpaka anatoka. Chini ya 20 kwa kila zamu 100 za kupiga ni safi. Ikipita 30 akiwa bado huko chini, wasiwasi. Warushaji wa Double-A, ngazi ya juu zaidi, wanajua kutupa mpira unaopinda nje ya eneo la straiki makusudi, na anayeuparamia atakwama hapo. Ndiyo ngazi inayochuja watu. Besi za bure, anazopewa mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo bila yeye kuiparamia, zikikaribia 10 kwa 100, ana jicho. Namba hizi mbili hutulia mapema, zamu 150 hivi zinatosha kukupa picha, wakati wastani wa kupiga huyumba msimu mzima.

Kagua pia wastani wake kwa mipira anayoipiga ikabaki uwanjani, bila kuhesabu homurani (mipigo inayovuka uzio). Ligi kuu ni karibu .300, akiwa na .390, bahati na walinzi wabovu wamembeba.

Homurani chache zisikutishe. Uliza kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo: akigusa maili 108 kwa saa, nguvu ipo, ila kama mipira yake mingi inaviringika chini haitaonekana mpaka abadili mpigo.

Halafu, anacheza wapi? Wa besi ya kwanza lazima apige kweli kweli. Shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, husamehewa mengi kwa kuwa nafasi yake ni ngumu kulinda.