Kazi za mikono za mazingira na watoto: anzeni na vilivyomo kwenye ndoo ya taka

Dada uliyeuliza kazi za mikono za mazingira za kufanya na watoto wa miaka 4 na 9 bila gharama kubwa, mimi nimezifanya na wanangu kwa miaka 3 sasa. Ombi langu la kwanza: usinunue kitu. Zile chengachenga za kumetameta zinazouzwa kwa ajili ya michoro ya watoto nyingi ni plastiki, na mwisho wake ni jalalani. Huwezi kumfundisha mtoto kutunza mazingira huku unamletea taka mpya mezani.

Iliyotushika kuliko zote ni kutengeneza karatasi. Chaneni magazeti na madaftari yaliyojaa, vipande vidogo kama ukucha wa dole gumba. Kurasa zinazong'aa ziacheni, hazilainiki vizuri. Loweka usiku kucha, kesho yake twanga au saga mpaka upate rojo kama uji mwepesi, kisha limimine kwenye beseni la maji. Tafuta fremu ya picha isiyo na kioo, uiwambe wavu wa dirishani. Izamishe kwa ubavu, iinue ikiwa imelala sawasawa, iache ichuruzike. Ipindue juu ya kitambaa, kandamiza wavu kwa tambara linyonye maji, halafu inua fremu taratibu.

Hapo ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka, nikaibandua karatasi ikiwa bado mbichi, ikachanika katikati. Binti yangu alikuwa ameisubiri tangu jana yake. Alilia sana, na niliumia. Iacheni kwenye kitambaa mpaka ikauke kabisa, siku 1 au 2, itabanduka bila taabu. Na rojo linalobaki msilimwage kwenye sinki, litaziba bomba. Lichujeni, mlikamue, mlifukie bustanini.

Binti huyohuyo aliniuliza imeshikanaje wakati hatukutia gundi. Nikamweleza kwamba karatasi ni nyuzinyuzi za mti, na maji yakitoka zinashikana zenyewe. Hakuridhika. Wiki iliyofuata alizichana karatasi zake mwenyewe akazitwanga upya, akaona za safari hii zinachanika upesi zaidi. Ndivyo ilivyo, kila zikisagwa tena nyuzi zinafupika. Aliligundua kwa mikono yake, na mpaka leo anaandika pande zote mbili za karatasi bila kuambiwa.

Nyingine ni chungu cha chupa ya plastiki. Kata chupa katikati (kazi hii ya mtu mzima, na ukingo uzungushie utepe usiwakate), toboa kifuniko, pitisha utambi wa fulana kuukuu ya pamba uliolowa. Nusu ya juu ijaze udongo na mbegu ya maharage, uisimamishe kichwa chini ndani ya nusu ya chini yenye maji. Utambi hupandisha maji wenyewe. Maji yakianza kuwa kijani, huo ni mwani unaoota kwa sababu ya mwanga. Wazungushie chupa karatasi kisha waone tofauti.

Kipimo cha mvua cha chupa nacho ni kizuri kwa huyo wa miaka 9, mradi chupa iwe na pande zilizonyooka. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwenye kila mita 1 ya mraba, kwa hiyo anaweza kupiga hesabu ya maji yaliyoangukia paa zima.

Huyo wa miaka 4 usimpe cha kutazama tu. Wangu alipokuwa na umri huo alikuwa mchanaji mkuu wa magazeti, na hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Muanze jioni kwa kuchana na kuloweka, ili asubuhi wakiamka karatasi ziwe zimelainika, zinawasubiri kutwangwa.