Geuza mfuko usome nyuma: kupima chakula cha paka cha dukani ukiwa Kigoma

Chakula cha paka kinachouzwa Kigoma Mjini kimeshasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mara nyingi kilikuwa kimevuka bahari kabla ya hapo. Kikishafika dukani Mwanga au Gungu, mteja huangalia mambo mawili: picha ya paka mnene mwenye manyoya ya kung'aa, na bei. Hayo mawili hayamwambii kilichomo ndani. Habari yenyewe imeandikwa nyuma kwa herufi ndogo, na sehemu kubwa yake inadai hesabu ya shule ya msingi tu.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Mwili wake hutengeneza taurini, kirutubisho cha moyo na macho, kidogo mno, kwa hiyo lazima aipate kwenye nyama au samaki, au iwe imeongezwa kiwandani. Ikikosekana kwa miezi mingi, macho huharibika na moyo hutanuka hadi kushindwa kusukuma damu. Uhusiano huo wa taurini na moyo wa paka ulithibitishwa Marekani mwaka 1987, na paka waliokuwa wakiugua walikuwa wakila chakula cha dukani, tena cha kampuni zenye jina. Vilevile paka hawezi kugeuza karoti wala mchicha kuwa vitamini A kama tunavyofanya sisi. Anaihitaji ikiwa tayari, kama ilivyo kwenye maini. Paka wa Ujiji anayepewa ugali na mchuzi hashibishwi na ugali. Kinachomweka hai ni dagaa wa kwenye mchuzi, panya na mijusi anaojikamatia. Ukimfungia ndani, hayo yote yanakatika na mfuko wa dukani unabaki kuwa kila kitu chake. Ndiyo maana unastahili kusomwa.

Lebo nyingi ziko kwa Kiingereza. Neno la kwanza la kutafuta ni complete, yaani chakula kinachojitosheleza, na karibu nalo pawepo umri wa paka aliyekusudiwa: mtoto, mkubwa au rika zote. Ukikuta complementary, hicho ni kitoweo cha kuongezea. Vikopo vingi vya jodari mtupu na pakiti nyingi za vitafunwa viko kundi hili, na ukimlisha hivyo peke yake kila siku unamkosesha madini na vitamini. Lebo isiyosema lolote kati ya hayo mawili, irudishe rafu.

Hesabu ya maji

Watu wengi hulinganisha kopo lenye protini asilimia 9 na mfuko mkavu wenye asilimia 30, kisha wanaamua kopo ni la ovyo. Hapo wamepima maji. Toa maji kwanza, halafu ulinganishe. Kopo lenye protini 9 na unyevu 80 limebakiza vitu vikavu 20. Gawanya 9 kwa 20, unapata asilimia 45. Mfuko wenye protini 30 na unyevu 10 umebakiza 90. 30 kwa 90 ni asilimia 33. Kopo ndilo lenye protini zaidi.

Kipimo kinachotumika sana duniani, cha chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani (AAFCO), kinataka paka mkubwa apate protini isiyopungua asilimia 26 ya vitu vikavu, na mtoto au paka mwenye mimba asilimia 30. Mafuta yasipungue 9. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kwa paka wa ndani tungependa protini ifike 35 au ipite. Chakula cha mbwa cha bei nafuu chenye protini 20 hakifikii hata mstari wa chini, na mara nyingi hakijaongezwa taurini. Ukimpa paka siku moja kwa sababu cha kwake kimeisha, hakuna neno. Kikiwa ndicho chakula chake cha mwezi mzima, unamdhuru.

Wanga hauandikwi kwenye lebo nyingi, lakini unapatikana kwa kutoa. Chukua 100, toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu. Majivu ni yale madini yanayobaki chakula kikichomwa, na kama hayakutajwa weka 7 au 8 kwa chakula kikavu. Mfuko wenye 30, 10, 4, 10 na 8 unabakiza wanga 38. Ukiutolea maji, unakuta zaidi ya asilimia 40 ya unacholipia ni nafaka. Punje za chakula kikavu haziwezi kushikana bila wanga wowote, hivyo usitafute sifuri, ila ukikuta wanga umezidi protini jua umenunua uji uliokaushwa wenye harufu ya kuku.

Kuna mtego mmoja hapa. Maabara haipimi protini moja kwa moja. Hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25. Manyoya ya kuku, kwato na ngozi navyo vina naitrojeni. Mwaka 2007 Marekani Kaskazini paka na mbwa wengi walikufa kwa figo kushindwa kufanya kazi, baada ya gluteni (protini) ya ngano kutoka China kuchanganywa na melamini, kemikali ya viwandani iliyowekwa makusudi ili kipimo cha protini kisomeke juu. Kwa hiyo namba ya protini isomwe sambamba na orodha ya viambato, kamwe isisomwe peke yake.

Orodha ya viambato na ujanja wake

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia, na uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Kuku mbichi ana maji karibu asilimia 70. Mfuko ukianza na "kuku" kilo 25, baada ya kukaushwa kimebaki kama kilo 7 na nusu. Nyuma yake utakuta mahindi, kisha ngano, kisha mchele, kila kimoja kimeandikwa peke yake ili kisimtangulie kuku. Vijumlishe vitatu hivyo kichwani na utaona nani ameshika nafasi ya kwanza kwa kweli. Unga wa kuku, kinyume na hofu ya wengi, si kasoro: ni kuku aliyekwisha kaushwa, na akitajwa wa kwanza anabaki wa kwanza.

Maneno by-products na animal derivatives (sehemu za mnyama zisizo minofu) huwatisha watu bure. Mapafu, maini, figo, moyo na utumbo ni chakula halali cha paka, na moyo una taurini nyingi kuliko minofu ya kifua. Tatizo ni pale mnyama asipotajwa. Lebo inayosema maini ya kuku imejifunga. Inayosema mazao ya wanyama tu imejiachia nafasi ya kubadilisha mzigo kila mara kadiri bei ya soko inavyokwenda, na paka mwenye tumbo jepesi ataharisha bila wewe kuelewa sababu.

Jina la mbele nalo lina kanuni zake. Kwa taratibu za Ulaya, "with tuna" maana yake jodari asilimia 4 tu, na Marekani ni 3. Likiwa flavour, inatosha ladha isikike. Rangi nyekundu na kijani kwenye punje ni za kukupendeza wewe. Na usimfanye paka kuwa hakimu wa ubora: punje nyingi hunyunyiziwa mafuta na rojo la maini mwishoni, na paka anaweza kuukimbilia mchanganyiko dhaifu kwa sababu ya hiyo ngozi ya juu peke yake.

Baada ya viambato, shuka kwenye nyongeza. Taurini itajwe kwa jina. Kipimo ni asilimia 0.1 kwa chakula kikavu na 0.2 kwa kopo, kwa sababu chakula cha kopo hupoteza zaidi. Kwa kuzuia mafuta yasiharibike, tokoferoli (vitamini E) ni salama lakini hudumu muda mfupi kuliko BHA na BHT, vihifadhi vya kutengenezwa kiwandani. Kwa safari ndefu na joto letu hatuwezi kuwalaumu wenye viwanda wanaotumia hizo za pili.

Mfuko uliofunguliwa dukani

Hapa ndipo hasara nyingi za Kigoma na Tabora zinapotokea, hata kwa chakula kizuri. Muuza duka hununua kiroba cha kilo 10 au 20, anakifungua na kupima kwa kilo kwenye mifuko laini inayoonesha ndani. Ukinunua hivyo umepoteza tarehe ya mwisho, namba ya toleo na lebo yote. Zaidi ya hapo, mafuta ya kwenye punje yamekaa wazi wiki kadhaa yakiguswa na hewa. Mafuta yakichacha, vitamini E na A hufa kwanza, na paka anayelishwa hivyo muda mrefu huanza kupoteza manyoya na hamu ya kula.

Ukilazimika kununua kwa kilo, omba uone kiroba chenyewe. Soma tarehe, ipige picha kwa simu pamoja na viambato, kisha chota punje kiganjani, zisugue na unuse. Chakula kizima kinanukia nyama au samaki. Kilichochacha kinanuka kama mafuta ya kukaangia chipsi yaliyotumika siku nyingi, au kama rangi ya kuta. Harufu ya uvundo, vumbi la kijivu au punje zilizoshikana ni dalili za unyevu na ukungu, na hapo hofu kubwa ni sumukuvu. Hii ni sumu ileile ya kwenye mahindi iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na haiondoki kwa kupika wala kuanika. Chakula chenye mahindi kikinyeshewa kwenye lori au kikikaa sakafuni kwenye stoo, usichague punje zilizo nzuri. Kiache chote.

Ule mtindo wa kuloweka punje kwenye glasi ili kuona kama zitavimba haupimi ubora. Unaonesha tu jinsi punje zilivyotengenezwa.

Nyumbani, acha chakula kwenye mfuko wake wa asili, kunja mdomo, banisha, kisha utumbukize mfuko mzima kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Usimwagie punje mpya juu ya za zamani kwenye ndoo isiyo na mfuko ndani. Mafuta yaliyochacha ukutani mwa ndoo huharibu mzigo mpya. Nunua kiasi kitakachoisha ndani ya wiki nne hadi sita. Wakati wa masika punguza.

Bei ya siku, si ya kilo

Paka wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji kama kalori 200 hadi 240 kwa siku. Kalori za gramu 100 unazipata hivi: protini mara 3.5, mafuta mara 8.5, wanga mara 3.5, kisha jumlisha. Ule mfuko wetu wa mfano unatoa 105, 85 na 133, jumla 323. Kwa kalori 220 atakula gramu 68, na kilo moja itakwisha siku ya 15. Chakula chenye kalori 390 atakila gramu 56, kilo iende karibu siku 18. Tuseme cha kwanza ni shilingi 10,000 kwa kilo na cha pili 12,000: cha kwanza kinakugharimu karibu shilingi 680 kwa siku, cha pili 670. Pima kwa mzani wa jikoni walau mara moja, uweke alama kwenye kikombe, maana kukadiria kwa macho ndiko kunakonenepesha paka.

Dagaa wa Kibirizi wana nafasi yao, ila wasizidi sehemu ya kumi ya kalori za siku: gramu 6 au 7 wakiwa wakavu. Waloweke, wasuuze hadi mchanga uishe, wachemshe dakika kumi bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu (hivyo viwili huharibu damu ya paka), kisha mpe na supu yake, kwa sababu taurini huyeyukia kwenye maji. Usimpe dagaa wabichi kila siku: samaki wengi wa jamii yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka huanza kuyumba na kuinamisha shingo. Supu hiyo pia inamsaidia anayekula punje tu, kwani paka hana mazoea ya kunywa maji mengi. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Njia ikiziba anaweza kufa ndani ya siku mbili.

Ukibadilisha chakula, tumia wiki moja: siku mbili robo kipya, siku mbili nusu, siku mbili robo tatu, kisha kipya chote. Kinyesi kikilainika rudi hatua moja nyuma. Kinyesi kidogo na kigumu kiasi ni dalili kwamba chakula kinasagika. Kikiwa kingi na chenye harufu kali, huenda wanga umezidi. Manyoya yape wiki sita hadi nane kabla ya kuyahukumu. Akigoma kabisa, usimwache na njaa ukidhani atazoea. Paka mnene asiyekula siku mbili au tatu hujaza mafuta kwenye ini, na ugonjwa huo huua. Mrudishie cha zamani siku ileile, halafu anza upya kwa kijiko kimoja.