Mbona chapati ya maji ya kwanza lazima iharibike? Maswali yenu na majibu

Wiki hii mmeamua kuniuliza chapati za maji tu, haya, ngoja nijibu zile zinazoweza kuwafaa na wengine.

Dada habari, mi niko Morogoro. Nikipika chapati za maji ya kwanza inashika, nikiigeuza inachanika vipandevipande, ya pili inatoka safi na uji ni uleule. Shida ni unga?

Unga hauna kosa mdogo wangu. Uji uleule umetoa chapati mbovu, dakika mbili baadaye umetoa nzuri, sasa kilichobadilika hapo katikati ni nini kama sio flampeni? Wengi wetu tunawasha jiko, tunatia mafuta, yakianza tu kunukia tunamimina, kumbe moto umekolea pale katikati mwali unapopiga, pembeni bado kabisa. Na uji wenyewe ni wa baridi na una maji kibao, ukimwaga upawa mzima kwenye chuma ambacho hakijashiba moto unakipoza hapohapo, kwa hiyo badala ya kuganda upesi chini na kujiachia wenyewe unakaa pale unatota, unang'ang'ania, we unaingiza mwiko ndo unachana. Wakati unahangaika kuikwangua hiyo flampeni inaendelea kula moto, ya pili ikija inakuta mambo tayari. Kama yako ni ile nzito nyeusi ya chuma, ipe dakika tano au zaidi kwenye moto wa kati kabla hujamimina chochote, maana chuma kinasambaza joto taratibu sana ukilinganisha na alumini. Zile nyembamba za alumini dakika mbili tatu zinatosha, ila nazo ukipunguza gesi kidogo tu zinapoa, hazina subira.

Sasa nitajuaje kama imepata moto? Mi sina hivyo vipimo vya wazungu.

Kipimo ni maji ya bombani. Kabla hujatia mafuta (nasema KABLA, maji kwenye mafuta ya moto yatakurukia usoni) lowesha vidole unyunyize matone mawili matatu. Yakikaa yanatokota polepole, bado. Yakilia chwaa na kukauka papo hapo, pakaza mafuta umimine. Yakijikunja vishanga yakaanza kukimbiakimbia humo ndani bila kukauka, moto umezidi, punguza. Hivyo vishanga vinatokea kwa sababu chini ya tone maji yanageuka mvuke haraka mno, mvuke unalibeba tone lisiguse chuma. Kuna daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliandika kuhusu hilo mwaka 1756, alikuwa anadondoshea maji kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa mpaka kikawa chekundu. Wenye nonstiki msiiache tupu kwenye moto mkali mkaenda kuanika nguo, ile ngozi yake ikipashwa sana inaharibika na moshi wake sio mzuri.

Yangu haishiki, ila ya kwanza inatoka na mabaka, huku kahawia huku nyeupe, zinazofuata rangi moja. Kwa nini?

Mafuta mengi hayo. Ukimimina mafuta hayatandazi sawa, yanajikusanya vidimbwi, penye kidimbwi uji unaiva kivyake na palipo pakavu kivyake, ndo mabaka. Hiyo ya kwanza inanyonya yale ya ziada, inaacha utando mwembamba tu, za pili na tatu zinapendeza. Dawa yake ni ileile ya bibi zetu, kata kitunguu nusu, kichome uma mgongoni, chovya kidogo upande uliokatwa kwenye mafuta usugue flampeni nzima hadi kwenye kingo, chuma king'ae lakini ukiinamisha mafuta yasitiririke. Kila chapati sugua tena. Na kitunguu kinaacha kaharufu fulani hivi katamu, kwa chapati za chumvi mi naona hakuna mbadala, kwa za sukari tumia kitambaa safi.

Nimeambiwa uji ulale nusu saa ndo ya kwanza isiharibike, ni kweli?

Kulaza kuna faida yake, unga unakunywa maji vizuri, madonge yanapungua, na ule mvutano wa ngano unaopatikana ukikoroga sana unalegea, chapati inakuwa laini. Lakini hiyo inasaidia zote, haiiokoi ile ya kwanza kama flampeni ni baridi. Uji ukilala unakuwa mzito, ongeza maji kidogo kabla ya kupika. Kama umeweka bekingi pauda usiulaze masaa, nguvu yake inaanza kuisha tangu inapokutana na maji.

Mume wangu alisoma Urusi zamani, nikiharibu ya kwanza anacheka anasema Warusi wana methali yake. Ananitania?

Hakutanii shemeji yetu, ipo. Wanasema blini ya kwanza hutoka donge, na wanaitumia kwa jambo lolote ambalo mwanzo wake umeenda mrama. Mwambie blini ni hizihizi chapati za maji, aje ashike upawa.

Mi napika pancake zile nene za maziwa na sukari, ya kwanza inaungua nje ndani mbichi. Flampeni naipasha vizuri tu!

We umepitiliza upande wa pili. Sukari na maziwa vinashika rangi haraka, na pancake nene inataka muda joto lifike katikati, kwa hiyo pasha moto wa kati, kisha teremsha uwe mdogo ndo umimine. Usigeuze kwa kuangalia saa, angalia vitundu vya juu: vikipasuka vikabaki wazi bila kujifukia na kingo zimeanza kukauka, geuza. Na usianze na upawa mzima, mimina kijiko kimoja tu cha chakula, kadogo, ukaangalie rangi ya chini na uonje sukari na chumvi. Ukiona kameiva ndani na rangi iko poa, endelea na kubwa kwa moto huohuo.