Postikadi iliyokaa ubaoni miezi mitatu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama, katika zama hizi za simu za mkononi, bado kuna raha yoyote ya kuandikiana postikadi na watu wa mbali tusiowajua. Nilipolisoma nilikusudia kujibu kwa neno moja, ndiyo, na kuliacha hapo. Lakini jirani yangu, mstaafu mwenzangu ambaye hulisoma jarida hili nikishalimaliza, alisema kwamba mtu baki hana haja na salamu zako, na kwamba fedha ya stempu ni afadhali ikanunue sukari. Kauli hiyo imenikaa kooni kwa siku nne, na ndiyo sababu jibu langu limekuwa refu kuliko nafasi mnayotupa wasomaji.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na makazi yangu ni Muheza. Sisi tuliokulia enzi za kadi za salamu za redio hatuwezi kuliona jambo hili kuwa geni. Mtu alinunua kadi yake, akaorodhesha majina ya anaowasalimu, akaipeleka posta, kisha akakaa na redio wiki kadhaa akingoja isomwe. Wengi walioisikia hawakumjua hata kwa sura, lakini baada ya mwaka mmoja au miwili jina lake lilikuwa linajulikana kuanzia Tunduru hadi Bukoba, na wapo wapenzi wa salamu waliosafiri mikoa mitatu kwenda kuzikana, ingawa hawakuwahi kukutana wakiwa hai. Kwa hiyo mwaka 2018, mpwa wangu aliponieleza juu ya mpango wa Postcrossing, nilielewa kabla hajamaliza sentensi ya pili.

Kwa wasioufahamu, mpango huo ulianzishwa mwaka 2005 na Paulo Magalhães, Mreno aliyekuwa bado mwanafunzi. Unajiandikisha kwenye intaneti, unaomba anwani, unapewa ya mtu yeyote popote duniani pamoja na namba ya utambulisho. Unaiandika namba hiyo kwenye postikadi na kuituma. Mpokeaji akiisajili, anwani yako wewe inapewa mtu mwingine kabisa, naye anakuandikia. Yaani uliyemwandikia siye atakayekuandikia. Hapo ndipo jirani yangu anapopinga, na nakiri kwamba hata mimi nilitatizika mwanzoni, kwa sababu tumelelewa tukijua kwamba salamu hujibiwa na aliyesalimiwa, na kwamba waraka ni nusu ya kuonana.

Nitajibu basi, ila si hasa juu ya raha ya kuandika. Nitaeleza jambo ambalo postikadi ya mtu baki ilinilazimisha kulijua kuhusu mahali ninapoishi.

Wengi wetu huku hatuna masanduku yetu wenyewe ya posta. Hata baada ya operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, ambapo nyumba yangu ilipata namba na mtaa wetu kibao, barua zangu zimeendelea kuja kwa S.L.P. ya shule niliyofundisha, kwa hisani ya mwalimu mkuu. Kila mwenye kutumia sanduku la taasisi anajua maana yake: barua yako hupita mikononi mwa karani, mwalimu wa zamu, na mara nyingine mtoto aliyetumwa kwenda kuichukua. Postikadi nayo haina bahasha. Haikuwa nayo tangu siku ya kwanza, tarehe 1 Oktoba 1869, ilipotolewa kule Austria-Hungaria ikiwa kipande cha karatasi ngumu kisicho na picha, upande mmoja anwani na upande wa pili maneno. Kila inakopita inasomeka.

Ilitokea siku moja nilipokwenda shuleni kwa ajili ya kikao cha wazazi. Kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu, kati ya ratiba ya mitihani na tangazo la michango ya chakula, niliona picha ya ua la zambarau ndani ya chungu kidogo, juu ya kizingiti cha dirisha ambalo nje yake kulikuwa na theluji. Nilisogea kwa sababu ya theluji, si kwa sababu ya ua. Pembeni mwa picha palikuwa na tundu za pini nyingi, ishara kwamba watu walikuwa wakiibandua, wakaisoma nyuma na kuirudisha. Nilipoibandua nami, nilikuta jina langu.

Ilikuwa imekaa pale kwa miezi mitatu. Karani alikuwa mgeni, hakunijua, na alipoona picha nzuri na anwani ya shule akadhani ni zawadi ya shule. Sikumlaumu, ingawa nilihuzunika, maana katika mpango ule kadi ambayo haijasajiliwa kwa siku 60 huhesabiwa kuwa imepitiliza muda, na mtumaji anaruhusiwa kutuma nyingine kwa mtu mwingine. Mahali fulani Ujerumani palikuwa na mwanamke aliyedhani kwamba maneno yake yamepotea, kumbe watoto mia kadhaa wa Muheza wameyasoma kabla yangu.

Aliandika kwa Kiingereza cha taratibu, herufi moja moja, na maneno yake kwa Kiswahili yalikuwa hivi: "Mama yangu aliliweka ua hili dirishani maisha yake yote, na sasa ninalitunza mimi. Kwa lugha yetu linaitwa Usambaraveilchen. Nimesoma kwenye maelezo yako kwamba unaishi chini ya milima ya Usambara. Je, ninyi mnaliitaje?"

Mhariri, nilifundisha sayansi na jiografia kwa miaka 34 chini ya milima hiyo. Nimewafundisha watoto majina ya bandari za Ulaya na mito ya Amerika. Nilisimama mbele ya ule ubao nikiwa sina jibu.

Nilianza kwa kuwauliza walimu, hawakujua. Niliwauliza wanafunzi kadhaa, nao waliniambia kwamba ni ua la Wazungu, kwa sababu liko kwenye theluji. Wiki iliyofuata nilipanda Amani, juu kwenye milima hiyo, na mjukuu wangu, kwa basi la asubuhi linalopita kwenye mashamba ya chai, hadi kwa mtu mmoja niliyemfundisha zamani ambaye sasa huongoza wageni msituni. Alinipokea kwa shikamoo, nikamwonyesha picha, akacheka kidogo kwa furaha akasema, "Mwalimu, hilo mbona lipo hapo chini tu." Tulishuka naye kwenye kijito, mahali penye kivuli ambapo mawe hayakauki, na pale kwenye ufa wa mwamba lilikuwepo: majani mafupi ya mviringo yenye vinyweleo kama mahameli, na maua matano, madogo kuliko ya kwenye picha, ya rangi ya buluu inayoelekea zambarau, yenye njano katikati. Mjukuu wangu alichuchumaa akayatazama muda mrefu, kisha akauliza, "Babu, sasa lilifikaje kule kwenye theluji?"

Jibu la swali lake nilikuja kulisoma baadaye. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika sehemu hizi za Tanga, aliliona ua hili akapeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la kisayansi Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Tangu hapo limezalishwa kwa rangi za kila namna na kuuzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, huku lile la asili likibaki kung'ang'ania miamba michache yenye unyevu, na kila kipande cha msitu kinachofyekwa kikilipunguzia makazi. Nililisoma hilo kwa uchungu ambao haujaniisha. Ua limebeba jina la aliyelichukua, na mimi niliyezaliwa karibu nalo nililijua kwanza kutoka kwenye postikadi.

Lakini swali la yule mama wa Ujerumani lilikuwa juu ya jina letu, si la Wendland. Wakati wa kurudi tulisimama kwa bibi mmoja mzee sana anayeishi ukingoni mwa msitu, ambaye yule mwanafunzi wangu alisema anajua kila jani la pale. Nilimwamkia, nikakaa, nikampa kadi. Aliishika kwa mikono miwili na kuisogeza karibu na macho. Akasema kwamba analijua tangu utoto, liko pale wanapoteka maji, na kwamba wakati wa mvua huchanua zaidi. Nikamwuliza, "Bibi, mnaliitaje?" Alifikiri kwa muda, akanijibu, "Mwanangu, sikuwahi kuwa na haja ya kuliita. Lipo pale pale kila nikienda."

Huenda wapo wengine wenye jina lake, na wazee wa Kisambaa wanaosoma jarida hili wanisahihishe. Lakini sikuwa tayari kumtafutia yule mama jina la kubuni wakati nilikuwa nimepewa jibu bora kuliko jina. Usiku ule niliisajili kadi yake, kwa kuwa mpango unakubali kusajili kadi zilizochelewa hadi mwaka mzima, na katika sehemu ya shukrani nikamweleza yote: ubao, watoto, kijito, na maneno ya bibi kama alivyoyasema. Baada ya siku tatu alijibu. Aliandika kwamba amemsomea dada yake maneno hayo kwenye simu, na kwamba wote wawili walinyamaza kwa muda. Basi. Nilimwandikia tena mwezi uliofuata, na tena kabla ya Krismasi. Hakujibu.

Hapa naona msimamo nilioanza nao unalegea kadiri ninavyoandika. Nilikusudia kumthibitishia jirani yangu kwamba postikadi hujenga urafiki, na kisa nilichokileta hakithibitishi hilo. Yule mama hakuwa rafiki yangu wala hakuahidi kuwa rafiki. Kwa muda nilimwona kama mtu aliyepiga hodi, akapewa kiti, kisha akaondoka bila kuaga. Siku hizi sioni hivyo. Alikuwa na swali moja, alilileta kwa mtu aliyedhani anaweza kulijibu, akapata jibu, na katika kulitafuta jibu hilo mimi nilipata mlima mzima niliokuwa nikiutazama kila asubuhi bila kuuona. Hakunidai wala simdai. Wala sidhani kwamba mtu ninayemjua angeweza kuniuliza swali lile. Wanaonijua wanadhani najua.

Kwa hiyo, kama mnataka hukumu yangu, itamfurahisha jirani yangu zaidi ya nilivyokusudia. Kijana anayetafuta wa kuzungumza naye simshauri aanze na postikadi kwa watu baki. Ampigie mama yake. Mwenye kuhesabu fedha ya unga asinunue stempu ya kwenda ng'ambo, na sisemi hivyo kwa kuwadharau wasio nacho, kwani zipo nyakati ambapo mimi mwenyewe nimeacha miezi mitano bila kutuma hata moja. Hata za kununua ni shida kwetu. Postikadi zinazouzwa Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar zina simba, Kilimanjaro na milango ya Mji Mkongwe, na mpaka leo sijaiona yenye picha ya Muheza. Za kwetu tunazikata kwenye manila nyumbani, na mjukuu wangu huchora machungwa upande wa mbele.

Lakini mwenye nafasi na uvumilivu, ambaye amekaa mahali pamoja muda mrefu hata akadhani ameshapamaliza, huyo namwambia ajiandikishe wiki hii. Asiandike "hapa kwetu ni pazuri, karibu." Amwulize mwenzake swali ambalo linahitaji mtu atoke nje ya nyumba ili alijibu, na akiulizwa yeye, atoke.

Ile kadi sikuichukua. Nilimwomba karani anipe kwa siku mbili tu niende nayo Amani na kunakili namba na maneno, kisha nikairudisha ubaoni, maana watoto walikuwa wameizoea na mwalimu wa sayansi aliniomba ibaki. Mwezi uliopita amewapeleka darasa la sita Amani, kwenye kile kijito, na mjukuu wangu ndiye aliyewaonyesha ufa wenyewe. Mimi nimepewa anwani ya mtu wa Japani. Chungwa limeshachorwa, namba nimeshaiandika, na tangu juzi nafikiria nimwulize nini.

Mwalimu mstaafu,
Muheza