Mpwani na milima ya Dolomiti: uanze na njia gani

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja wa Maweni, kaniandikia hivi: "Asalamu aleikum dada, nimeona picha zako za ile milima ya Italia. Mimi nafanya kazi hotelini na kuna mgeni amenialika kwao mwakani. Je mtu wa pwani ambae hajawahi kupanda hata kilima anaweza?"

Waaleikumu salaam mdogo wangu. Unaweza. Nakujibu hapa hapa ili na wenzio wasome, manake swali hili naulizwa sana tangu nirudi, na karibu wote wanaouliza wanauliza kama wanaomba ruhusa, na hilo ndo linaniuma.

Mie nimezaliwa Malindi, nimekulia Shela, Kiitaliano nimekiokota kwa wageni kama wengi wetu, na dadangu ameolewa Verona, kwa hivo mlango nilikuwa nao. Lakini nilipoingia kwenye grupu moja ya wapanda milima, wengi wao watu wa bara, nikasema nataka kutembea Alta Via 1, ile njia ndefu ya miguu inayokatiza milima ya Dolomiti, jamaa mmoja akaandika "nyinyi wa pwani mnapanda kitanda tu". Wakacheka, wakatuma vikatuni, na hakuna hata mmoja aliemkanya. Sikumjibu. Lakini jina lake nalikumbuka mpaka leo wallahi. Na nyumbani nao walikuwa na lao: mwanamke mzima na mtandio wake anaenda kutafuta nini majabalini, si angeenda Umra. Viza yenyewe nilinyimwa mara ya kwanza na ofisi fulani bila sababu ya kueleweka, hayo nayaruka manake nikianza hatutamaliza.

Sasa sikilizeni. Ile milima ni ya kwetu kuliko wanavodhani. Dolomiti ni matumbawe. Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita pale palikuwa bahari ya joto yenye maji mafupi, miamba ya chini ya bahari ikajijenga juu kwa juu, alafu bara la Afrika likasukumana na Ulaya na sakafu ile yote ikainuliwa mpaka mawinguni. Kilele kirefu kabisa, Marmolada, kina mita 3,343. Mie mtoto wa nyumba za mawe ya matumbawe, nimekua naona kombe na vijidude vya bahari vimeganda ukutani, nimefika upande wa Fanes nikaona maganda yamo ndani ya jiwe, juu ya mita elfu mbili! Nilikaa chini nikalishika jiwe lile. Mwenzangu niliekuwa natembea nae, Mtaliano, akaniuliza kama naumwa. Siumwi, niko kwetu.

Haya, njia. Usianze na Alta Via. Anza na mzunguko wa Tre Cime di Lavaredo, zile nguzo tatu zilizo kwenye kila kalenda ya Italia, ya kati inakaribia mita 3,000 kasoro moja tu, 2,999. Basi la kiangazi linakupandisha mpaka Rifugio Auronzo (rifugio ni nyumba ya wageni ya mlimani), zaidi ya mita 2,300, kwa hivo jasho kubwa umesamehewa. Unafuata njia nambari 101 mpaka Rifugio Lavaredo, unapanda kile kipito cha Forcella Lavaredo, mita 2,454, na pale unageuza uso unaona upande wa kaskazini wa zile nguzo wote kwa pamoja na nakwambia utasahau miguu. Unaenda mpaka Rifugio Locatelli, unarudi kwa njia 105. Ni kama kilomita kumi, saa nne ukienda na picha zako. Miaka hii watu wamejaa sana pale, basi lenyewe lataka kubukiwa, nenda na la asubuhi.

Ukiiweza hiyo bila magoti kulia, ndo uje Alta Via 1. Nzima ni kama kilomita 120, kutoka ziwa la Braies mpaka karibu na mji wa Belluno, lakini si lazima uimalize, mie mwenyewe nawashauri nusu ya kwanza tu. Kutoka Verona unapanda treni ya Brennero, unabadilisha Fortezza, unashuka upande wa Dobbiaco, basi hadi ziwani. Ziwa liko karibu mita 1,500 na usiku wa kwanza unalala Rifugio Biella, mita 2,327. Hesabu mwenyewe. Kilomita ni chache lakini ni kupanda, kupanda, kupanda, alafu kupanda. Hapo ndipo nakaza sauti: usiulize njia ina kilomita ngapi, uliza mita za kupanda ngapi. Wenyeji wanahesabu mita 300 za kupanda ni saa moja, na vibao vya njiani vingi vinaandika saa, si kilomita. Baada ya Biella unapita Sennes, unashuka bonde la Pederü, unapanda tena Fanes, na kutoka hapo ile siku ya mwisho kwenda Rifugio Lagazuoi, mita 2,752, ndo siku yenyewe hasa.

Lagazuoi niliingia alasiri na kijibaridi, begi linanivunja mabega, na mzee mmoja wa pale akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi. Akapiga kelele "Malindi!", kumbe ashakuja kwetu, anaijua hata njia ya Casuarina. Akaita mkewe. Nikaletewa chai kabla sijavua buti. Siku ile nilimkumbuka yule jamaa wa grupu na kitanda chake. Chini ya nyumba ile jabali lote limetobolewa mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia, Wataliano na Waaustria walikuwa wanaripuana humo ndani tangu 1915 mpaka 1917, na unaweza kushuka kwa humo ukiwa na helmeti na taa ya kichwani. Ukichoka kuna gari la kamba linakushusha Passo Falzarego, si aibu kulipanda.

Maji. Jiwe la chokaa halikai na maji, linayameza, sisi tunajua hilo, kwa hivo huko juu unaweza kutembea nusu siku usione kijito. Lita mbili kila asubuhi. Mvua ya radi inapenda kuja mchana Julai na Agosti, kwa hivo ondoka alfajiri, ukishaswali tu, na saa nane uwe ushafika. Kwenye barafu ya Marmolada usiende, tarehe 3 Julai 2022 kipande kilikatika kikaua watu 11, na kile kilikuwa kiangazi cha joto kali. Njia zenye vyuma vya kujishikiza zinataka mkanda, helmeti na mtu anaejua, bado si zako.

Chakula sasa, hili wanaandika wachache. Zile donge za mkate wanazoita canederli mara nyingi zina speck ndani, na speck ni nguruwe. Uliza kabla, sema "senza speck", kuna za spinachi na za jibini. Polenta, ugali wao wa mahindi, na uyoga inashibisha. Kibla kule ni kusini mashariki, si kaskazini kama huku kwetu, usije ukaswali unatazama Austria. Maji ya udhu ni baridi ya kuuma mifupa, lakini mtu anazoea.

Na mazoezi? Malindi tambarare, ndio, lakini mchanga upo. Begi mgongoni, chupa za maji ndani, tembea ufukweni mpaka Mayungu kwenye mchanga laini. Nenda Marafa ushuke na upande lile korongo asubuhi kabla jua halijakasirika. Buti zivae huku huku mpaka ziujue mguu.

Mabinti wa pwani jamani, acheni kungoja kuambiwa mnaweza. Sisi tunabeba ndoo, tunapanda ngazi za hoteli na trei kutwa nzima, alafu mtu akuambie wewe mvivu na wewe unyamaze? Usinyamaze. Au nyamaza, lakini nenda. Mtandio wangu haukunizuia hata hatua moja, ulinikinga jua.

Mambo ya karatasi kwa ufupi. Vyumba vya rifugio bukia mapema sana, Lagazuoi inajaa miezi kabla, na nyingi zinafunguliwa kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba tu. Zile risiti za kubukia ziweke kwenye faili la viza, zinasaidia. Viza ni yuro 90, na bima isipungue yuro 30,000, alafu hakikisha inahesabu na uokozi wa mlimani, manake helikopta ikija kukuchukua na huna jeraha unaweza kutozwa. Nambari ya dharura ni 112. Beba shuka la kulalia la kushonwa kama mfuko, bila hilo rifugio nyingi hawakulazi, na ndara za ndani, buti zinaachwa mlangoni.

Viza ikitoka niandikie mdogo wangu. Jaketi langu la mvua bado zima, ntakuazima.