Maswali ya Wasomaji: Je, Utoto Wetu Ulikuwa Mtamu Kweli?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikulia hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kambi ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi ya shaba. Ninapowasimulia watoto wangu jinsi tulivyoendesha magari ya waya na kukusanya kumbikumbi usiku, mkubwa wao hucheka na kuniuliza kama tulikuwa maskini kiasi hicho. Je, utoto ule ulikuwa mtamu, au ni mimi ninayeupamba?
Mama wa Kampemba

JIBU: Mama, raha ilikuwepo na umaskini ulikuwepo, kwa hiyo mwanao ana haki ya kuuliza. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, lakini mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000, na nyumba nyingi zilizotegemea mshahara na posho ya unga zikaingia katika dhiki. Wazazi walihangaika huku na huku bila kutueleza mengi, ndiyo maana tunalikumbuka gari la waya na hatukumbuki deni la dukani.

Hata hivyo, gari lile halikuwa kitu cha kuchekwa. Waya ulinyooshwa kwa jiwe, ukakunjwa kuwa fremu, viungo vikafungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na magurudumu yakakatwa kwenye ndala zilizochakaa; kisha usukani ukawekwa kwenye waya mrefu, ili dereva akimbie wima bila kuinama. Aliyejua kukunja kona vizuri aliheshimiwa mtaa mzima, hata kama darasani alikuwa wa mwisho.

Kumbikumbi nao hawakuhitaji fedha: mvua za kwanza zikishanyesha, beseni la maji liliwekwa chini ya taa, wadudu wakaanguka humo, na asubuhi mama akawakaanga kwa chumvi bila mafuta, kwa kuwa wana mafuta yao wenyewe. Waliliwa pamoja na bukari, yaani ugali, na siku ambazo mboga ilikosekana walikuwa ndio mboga. Hilo nalo mwambie mwanao.

Kwa maoni yangu, kilichopungua leo ni nafasi, wala watoto hawajaharibika kama tunavyopenda kulalamika. Lupango nyingi, yaani viwanja vya nyumba zetu, zimezungushiwa kuta ndefu, barabara za mitaa zimejaa pikipiki, na mzazi anayemzuia mtoto asitoke getini ana sababu zake. Kwa hiyo usimnunulie gari la waya lililokwisha kutengenezwa. Mpe waya, koleo na ndala kuukuu, waite watoto wa jirani waje ndani ya lupango yako, na umwache ahangaike na kona ya kwanza mwenyewe kabla hujamsaidia.